FBP safi isikudanganye, meza kidonge chako

Meza kwanza hicho kidonge, ndipo uendelee kusoma. Umeniandikia kwamba una CML, ile saratani ya damu, uko mwezi wa nane wa imatinibu, kidonge chake, FBP (hesabu ya chembe za damu) imesoma vizuri, na "mtaalamu wa mimea" anakwambia uache dawa upumzishe mwili? Mkuu, hapo hapo ndipo nilipozama mimi.

Nilianza na chembe nyeupe zaidi ya laki mbili, bandama imeshuka hadi kitovuni. Shemeji zangu walishaanza kunichagulia jina la mtoto. Miezi mitatu ya dawa, FBP ikawa ya mwanajeshi. Akatokea bwana mmoja na madumu yake, kavaa koti jeupe, nadhani la buchani: "Damu imeshasafishika, hizo kemikali zinakula ini bure." Nikaacha vidonge, nikauza pikipiki, nikanywa yale maji machungu dumu baada ya dumu. Mwezi wa nne tangu niache, jasho la usiku likarudi, shati la kukamua, na bandama nayo hiyo. PCR, kile kipimo kinachotafuta alama ya ugonjwa wenyewe kwenye damu, imepaa. Bwana yule simu haipatikani hadi leo, tapeli mkubwa. Pikipiki yangu naiona mjini, mwenyewe ana furaha zake.

Nilichokuja kuelezwa baadaye ni hiki. Seli ya damu ya kawaida haizaliani ovyo, inangoja hodi: kichochezi cha ukuaji kinashika kipokezi kilicho juu yake, ndipo ujumbe unaingia ndani. Kwenye CML kromosomu ya 9 na ya 22 zimebadilishana vipande, ikazaliwa protini ya BCR-ABL inayopiga kelele "zaaneni!" bila mtu yeyote mlangoni. Imatinibu inaziba kijishimo ambacho protini hiyo inapatia nguvu. Inaziba tu! Mbegu za ugonjwa bado zimo kwenye uboho, na FBP haizioni. PCR ndiyo inaziona.

Najua utaniambia Ulaya watu wanaachishwa. Ufaransa walijaribu kwa wagonjwa 100 ambao PCR ilikuwa haioni kitu kwa miaka 2 au zaidi, wakafuatiliwa kwa vipimo. Zaidi ya nusu ugonjwa ulirudi, wengi ndani ya miezi 6. Wewe una miezi minane na FBP, basi.

Kuacha ni kwa neno la daktari wa damu mwenye PCR mkononi. Nimeandika hivyo mlangoni kwa friji, mke wangu kaongezea "mjinga wewe".

Uliuliza pia habari ya miguu kukaza usiku na nini kingine vile? Acha hayo kwanza. PCR yako ya mwisho ulipima lini, na ilisoma ngapi?