Bundi kahamia darini? Usikimbilie fimbo

Mwaka juzi nilirudi Kilosa kumuuguza bibi, usiku wa pili tu nasikia darini shhhhh, shhhhh, kama nyoka kakanyagwa, nikawasha tochi ya simu nikapanda ngazi na kule juu nikakuta nyuso nne nyeupe zenye umbo la moyo zinayumba kushoto kulia zinanitazama. Nilivyoshuka hata sikumbuki, sitanii.

Asubuhi bibi keshahukumu: "Mjukuu wangu, huyo kanifuata mimi, mtoe kabla jua halijazama." Majirani nao hao na fimbo. Ila kilichonikera ni kwamba palepale barazani kuna kiota cha mbayuwayu, kile cha vidonge vya tope kama kibuyu kilicholala, kinatuchafulia kila siku na ukikigusa bibi anakuchapa, eti ni baraka. Nikamuuliza, bibi na huyu si mgeni vilevile? Akanyamaza weee, mwisho akasema, "Wiki moja."

Sasa yakikukuta, kwanza jua hiyo shhh ni makinda yanadai chakula. Bundi huyu mweupe hajengi kiota, anataga hivihivi juu ya mabonge ya manyoya na mifupa anayoyatapika mwenyewe. Chukua bonge moja ulipasue kwa kijiti, mimi nilitoa mafuvu matatu ya panya nikamwekea bibi kwenye mfuniko wa sufuria, yeye ambaye kila mwaka panya wanamlia mahindi ghalani. Aliyaangalia muda mrefu. Habari ya wiki moja sikuisikia tena.

Halafu sumu ya panya acha kabisa, maana bundi akila panya aliyelewa sumu anakufa na yeye, na maiti ya bundi uani kwako utaielezaje kwa majirani?

Harufu ipo, sikudanganyi, tandika turubai. Makinda yanaruka baada ya kama miezi miwili (usishangae hayalingani, mama anaanza kulalia yai la kwanza kabla hajamaliza kutaga), ukiwa umechoka nao ndo uzibe tundu hapo, ukishahakikisha hamna kitu ndani.

Sisi hatujaziba. Bibi yupo, anapalilia, na kuna jirani mpaka leo usiku hapiti kwetu, anazungukia kisimani.