Ndama wa Boran anaharisha: maji kwanza, OTC baadaye

Mkuu, pole sana. Umesema ndama wako ana wiki mbili, tangu jana anaharisha njano, na jirani anakushauri umchome OTC (oksitetrasiklini, antibiotiki ya kuua bakteria). Mimi nafuga ng'ombe wa nyama huku Handeni, na mvua zikianza tu, zizi likageuka tope, kesi kama yako hazikosekani. Hiyo sindano iweke pembeni kwanza. Kinachoua ndama wa kuhara mara nyingi ni kuishiwa maji na chumvi, na OTC hairudishi hata tone. Isitoshe, kuhara kwa umri huo mara nyingi ni virusi au kriptosporidia (vimelea vya utumbo), na hao OTC hawaiogopi.

Mfinye ngozi ya shingo uiachie. Ikirudi taratibu, na macho yameingia ndani, maji yamepungua. Kisha mtie kidole mdomoni. Akikinyonya, na mdomo una joto, mtibu hapo hapo bomani. Mdomo ukiwa wa baridi na hanyonyi, usimlazimishe chupa, maji yataingia mapafuni. Huyo ni wa dripu, mpigie daktari wa mifugo.

Anayenyonya mpe ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) kwenye maji ya uvuguvugu. Ya mifugo ikikosekana, hata ile ya watoto inasaidia. Ndama wa kilo 30 akipoteza asilimia 8 ya uzito wake, hizo ni karibu lita mbili na nusu, kwa hiyo kikombe kimoja ni kujifurahisha. Mpe lita moja kila mara, asubuhi, mchana na jioni, mbali na muda wa kunyonya. Na maziwa usimkatize! Watu humtenga na mama yake wakidhani maziwa ndiyo yanayomharisha, matokeo yake anakosa nguvu kabisa. Kila asubuhi tazama kiwele cha mama: kikiwa kimejaa, kinang'aa na chuchu zinadondosha, ujue mtoto hajanyonya, hata kama umemkuta kasimama.

Halafu kipimajoto. Kawaida ni 38.5 hadi 39.5. Ikifika 40 na kupanda, papasa chini ya sikio na mbele ya bega. Tezi zikiwa zimevimba, shuku ndigana kali, ile inayoletwa na kupe wa masikioni. Dawa yake ni buparvakwoni, na iwahi kabla hajaanza kuhema kwa shida na kutoa povu puani. Nadhani wengi wanachanganya, wakidhani OTC ndiyo tiba ya ndigana, kwa sababu siku ya chanjo ya ndigana OTC huchomwa pamoja nayo. Kutibu aliyekwisha kuugua ni habari nyingine.

Damu kwenye kinyesi, au kuhara pamoja na homa, daktari ndiye aamue dawa na dozi.

Wenzake wahamishie pakavu leo hii, na wanaozaliwa sasa wapate dang'a (maziwa ya kwanza ya mama) ndani ya saa sita za mwanzo. Pima joto, leta mrejesho.