Barua kwa mwanangu aliyepata mtoto

Mwanangu,

Hongera tena, na mkwe mpe pole ya uzazi. Umeniuliza utamleaje mtoto ilhali baba yako hukumwona. Ukauliza pia kwa nini nilikuwa nikiufungulia sana ule wimbo wa mwanamuziki Eric Clapton, "My Father's Eyes" (Macho ya Baba Yangu), kwenye redio kaseti. Nakujibu yote kwa pamoja.

Clapton alizaliwa Ripley, Uingereza, mwaka 1945. Baba yake, askari wa Kanada, aliondoka kabla hajazaliwa. Kijana akalelewa na bibi yake akidhani ndiye mama, na mama mzazi akamjua kama dada. Yule baba akafariki 1985 bila wao kuonana. Mwaka uliofuata Clapton akapata mtoto wa kiume, Conor. Machi 1991 alimpeleka kutazama sarakasi, wawili tu, na hapo ndipo alipoonja ubaba wenyewe. Kesho yake mtoto akaanguka dirishani, ghorofa ya 53, New York. Alikuwa na miaka minne.

Wengi hulilia "Tears in Heaven", wimbo wake wa kumwombolezea Conor. Mimi hunishika huu, uliotoka 1998, kwa kuwa anayeimba ni yatima na ni mfiwa kwa wakati mmoja. Mwenyewe alieleza kwamba kumtazama mwanawe machoni ndiko kulikomkaribisha na macho ya baba asiyemjua. Mwaka 2004 aliacha kwa muda kuziimba nyimbo zote mbili jukwaani, kwa sababu lile pengo lilikuwa halimuumi tena kama zamani. Nilifurahi mno kusikia hivyo. Nakuombea nawe ufike hapo.

Baba yako, Mungu amrehemu, alitangulia ukiwa bado tumboni. Lakini alipenda kumbeba mtoto wa shangazi yako kwa mkono wa kushoto, kichwa kikilala kwenye kiwiko, huku kidole gumba kikimpapasa sikio. Kwenye picha uliyonitumia, kidole chako kiko sikioni. Nani alikufundisha? Mimi sikukwambia kamwe. Basi usijione umeanza mikono mitupu, baba. Mengine atakufundisha huyo huyo mtoto, maana hata wenye baba hujifunzia hapo.

Usiku mpokezane na mkeo, asikeshe peke yake. Mtoto akipata homa mpelekeni zahanati kwanza, ndipo unipigie, hata kama ni saa nane za usiku.

Mama yako