Maswali ya Wasomaji: Cheti cha Ujuzi au Mashine ya Pili?

SWALI: Assalamu alaykum mhariri. Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Ngamiani, Tanga. Ufundi nimeupatia gereji, chuo sijakanyaga. Mageti na grili nayamudu vizuri, lakini kila nikiomba kazi kwenye kampuni naulizwa cheti. Nimedunduliza laki nane. Ninunue mashine ya pili niweke kijana, au nirudi shule?
Fundi Geti

JIBU: Waalaykumu salaam, fundi. Mashine ya pili itakuongezea mageti tu, aina ya kazi itabaki ileile. Sisi tungeanza na cheti, na wala huhitaji kukaa darasani miaka miwili. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya chuo. Nenda chuo chao hapo Tanga, jaza fomu, peleka ushahidi: picha ukiwa kazini, barua ya mwenye gereji, risiti za kazi ulizokabidhi. Mtathmini atakuhoji na kukutazama ukichomelea. Ukionekana una upungufu, unapewa mafunzo mafupi ya kuuziba kabla ya cheti. Jina kwenye fomu lifanane herufi kwa herufi na la kitambulisho cha NIDA. Ulizia pia kama kuna awamu inayogharamiwa na Ofisi ya Waziri Mkuu, maana huwa zinakuja. Ukitakiwa kulipa, lipa kwa kumbukumbu namba ya malipo. Anayetaka fedha mkononi mkimbie.

Fedha itakayobaki itie kwenye usichokijua, na hapa ndipo mafundi wengi wa mageti hukwama. Geti halibebi presha. Bomba na tangi hubeba.

La kwanza ni vijiti vya kuchomelea. Unachotumia kila siku, E6013 cha milimita 2.5, kwenye ampea 60 hadi 90, kinasamehe mengi. E7018, kijiti cha kazi zinazobeba mzigo na presha, hakisamehi. Kikinyonya unyevu, na hewa yetu ya pwani unaijua, haidrojeni huingia kwenye chuma cha moto, na ufa unaweza kutokea saa nyingi baada ya wewe kufunga kazi. Kuvianika juani hakusaidii. Vinakaushwa kwenye oveni, kwa kawaida kama nyuzi 350 kwa saa moja au mbili kulingana na maelekezo ya pakiti, kisha vinatunzwa vikiwa na joto hadi vitumike.

La pili ni maungio. Kingo zichongwe, uachwe mwanya wa milimita 2 hadi 3, na mstari wa kwanza upenye hadi upande wa ndani. Kwenye geti unapitisha grainda juu, unapaka rangi, mteja anafurahi. Kwenye mtihani kipande kinakatwa na kukunjwa, na pale ambapo hapakupenya panafunguka.

La tatu, kusoma mchoro. Pembetatu juu ya mstari wa mshale ni maungio ya kona, na namba kando yake ni kipimo. Wapo mafundi hodari wa mkono wanaoachwa kwa hili peke yake.

SWALI: Nimeishia darasa la saba na Kiingereza sijui. Nitakubaliwa kurasimisha ujuzi VETA?
Fundi magari, Pongwe

JIBU: Ndiyo. Mahojiano ni ya Kiswahili, na kinachopimwa zaidi ni kazi ya mikono yako. Majina ya vipuri yataje kama mnavyoyataja gereji; ukiulizwa, eleza kinafanya kazi gani na kikiharibika gari hufanyaje.