Maswali ya safari: Nampeleka mama Expo ya Osaka, joto lake tutaliweza?

(Maswali na majibu haya ni ya Agosti 2025. Expo hiyo ilishafungwa tarehe 13 Oktoba 2025, kwahiyo bei na taratibu zilizotajwa ni za wakati ule.)

SWALI: Dada shikamoo na pole na kazi. Mwezi wa tisa, wiki ya pili, nakwenda Japani kumuona mdogo wangu anayesoma huko, naenda na mama yetu mzazi ana miaka 68, ana presha na anakunywa dawa kila siku, alafu na mwanangu wa miaka minne. Tunataka siku moja twende yale maonesho makubwa ya dunia pale Osaka kabla hayajafungwa. Mdogo wangu anasema joto na foleni vitammaliza mama, mimi namwambia sisi watu wa Tanga joto tumezaliwa nalo, la Wajapani litatufanya nini? Tuamulie dada, twende au tuache? (Mama Mwana, Tanga)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nendeni, tena msisite, maana yanafungwa tarehe 13 Oktoba. Ila hilo neno la tumezaliwa nalo naomba uliache hapo hapo Tanga, kwasababu ndo nililokwenda nalo mimi mwezi wa saba na mama yangu, na nusura linigharimu.

Sikiliza. Sasa hivi kwetu ni kipupwe, usiku mnajifunika shuka. Mwili unalizoea joto kwa kukaa nalo siku kadhaa, wiki mpaka mbili hivi, na ukikaa kwenye ubaridi miezi miwili mazoea yale yanapotea, haijalishi umezaliwa Tanga au Lamu. Alafu mnashuka Osaka mnakuta nyuzi 32, 33, mwanzoni mwa Septemba bado ni kiangazi kabisa kule, na mwaka huu Japani imewaka haswa, tarehe 5 Agosti mji wa Isesaki ulifika nyuzi 41.8, haijawahi kupimwa hivyo nchini kwao. Osaka haifiki huko lakini ina unyevu wa bahari kama wetu, na jasho linapoza mwili pale linapokauka tu, likidondoka chini halijakusaidia kitu. Sasa weka juu yake foleni. Kwetu mtu akiona jua kali anakaa kibarazani, anasubiri lipungue. Kwenye foleni hukai, umesimama juu ya sakafu inayotema moto, mbele mtu nyuma mtu, upepo haupiti na ukitoka umepoteza nafasi kwahiyo unajikaza. Huko kujikaza ndo kunakoangusha wazee.

Sisi tulitoka stesheni ya Yumeshima saa mbili na robo asubuhi, geti linafunguliwa saa tatu, nikasema tumewahi. Kumbe tumekuta bahari ya watu. Tulikuwa na chupa moja ya nusu lita wawili, nikijua tutanunua ndani. Mama yangu ni mtu wa kuongea, toka tumepanda treni alikuwa anasimulia kila anachokiona, mara nikashtuka amenyamaza. Sikujali sana, nikadhani amechoka. Baadae nikamuuliza mama vipi, akajibu taratibu kama anayeamshwa usingizini, kichwa kizito tu mwanangu. Nikamshika mkono, ngozi inachoma, na ile kanga aliyojitanda begani alikuwa anaivuta vuta kama haijui ni ya nini. Hapo nikapaza sauti. Kijana mmoja wa pale akatutoa kwenye foleni mpaka kivulini, tukamlaza, tukailowesha kanga yote maji tukamwekea shingoni na kwapani, yule kijana anampepea, akaja na kinywaji cha chumvi chumvi. Baada ya kama nusu saa mama akaniuliza, mbona umeninyang'anya kanga yangu? Nililia.

Kwahiyo dada yangu, mama akinyamaza, akianza kujibu ovyo, akitapika, akiyumba, usimwambie vumilia tumekaribia. Mtoe. Akiwa haeleweki kabisa anachosema hiyo ni dharura, tafuta wahudumu pale pale, zahanati zimo ndani ya uwanja, na nje ya uwanja namba ya ambulensi Japani ni 119. Kuhusu dawa za presha, kabla hamjaondoka mpeleke kwa daktari wake umuulize hasa kuhusu joto, maana ziko zile zinazomfanya mtu akojoe sana, mwili unapungukiwa maji haraka. Asiziache mwenyewe eti ili asikojoe njiani, wazee wetu wana mchezo huo na wengine hata maji hawanywi wakiwa safarini wakiogopa choo. Mwambie vyoo viko tele.

Sasa ushauri wangu mkubwa, nendeni jioni. Kuna tiketi za jioni yeni 3,700, wakati ya siku nzima ni yeni 7,500 kwa mtu mzima. Mtaona vichache kweli, ila uwanja unafungwa saa nne usiku, jua Septemba linazama kama saa kumi na mbili na kidogo, na taa zikiwaka pale ndo panapendeza zaidi. Mchana mwacheni bibi alale hotelini kwenye kiyoyozi. Mkilazimika kwenda mchana basi jifunzeni kutembea chini ya ule mduara mkubwa wa mbao, wanauita Grand Ring, umechorwa na Sou Fujimoto, mzunguko wake kilomita 2, na ukingo wa nje una urefu wa mita 20 kwenda juu. Watu wanakimbilia kupanda juu kupiga picha, juu hakuna kivuli, chini ndo penyewe, nguzo kwa nguzo, upepo wa bahari unapita, mabenchi yapo, na unaweza kuzunguka karibu maonesho yote bila kuchomwa. Mama yangu alikaa pale saa nzima anapapasa namna mbao zilivyopenyezwa ndani ya mbao, ni ufundi wao wa zamani wa mahekalu, akasema fundi wa haya, aliyempa mkono ni Mungu.

Foleni za ndani nazo zichagueni. Mabanda makubwa yanataka kubuku kwa kura, ile ya miezi miwili kabla imeshawapita, ila kuna ya siku saba kabla na nyingine ya siku tatu kabla ambayo ni wa kwanza ndo anapata, na mkishaingia kama dakika kumi hivi mnaweza kujaribu tena kwenye simu. Msipopata msinune. Majengo ya Commons, ambayo nchi nyingi zinakaa pamoja na za kwetu Afrika nyingi ziko humo, unaingia tu, baridi ya kiyoyozi imejaa, na kila meza kuna mtu anataka kukuhadithia kwao. Na lile banda la Falme za Kiarabu lina nguzo 90 zilizofunikwa kwa uti wa makuti ya mtende, yakafungwa moja moja mpaka juu, mtu wa pwani akisimama pale anasikia harufu ya nyumbani kabisa, hilo nalo sisi tuliingia bila kubuku.

Vitu vya kubeba: chupa ya maji ya kila mtu na yake (chupa za kioo na makopo wanazuia getini, ya plastiki au ya chuma ya kujazia inapita, na vituo vya kujaza maji bure vipo), paketi za ORS kutoka duka la dawa hapo hapo Tanga, mwavuli, kanga mbili za kulowesha, feni ndogo ya mkononi. Pesa taslimu ndani haikubaliki, ni kadi au malipo ya simu tu, kama hamna kadi ya benki nunueni ya ICOCA stesheni mjaze hela. Na dawa za mama ziwe kwenye mkoba wa mkononi dozi ya usiku na ya asubuhi pia, pamoja na pawabanki, maana usiku wa tarehe 13 Agosti treni ilisimama kwa hitilafu ya umeme, Yumeshima ni kisiwa na reli ni hiyo moja, watu kama 30,000 wakakwama mle, maelfu wakakesha mpaka asubuhi na wengine wakapelekwa hospitali. Msisubiri treni za mwisho na mzee, saa mbili na nusu mkiwa mnatoka mtakuwa sawa.

Na mtoto wako, tiketi yake ya siku ni yeni 1,800 kuanzia miaka minne. Ukimtembeza kwenye kigari usikifunike na shuka, kinageuka oveni, na yeye yuko karibu na sakafu kuliko wewe, joto lake ni kali zaidi. Mshike shika mgongoni usikie kama anachemka.

SWALI: Dada, sisi wa Muscat tulikwenda Expo ya Dubai, walifanya kuanzia Oktoba 2021 mpaka Machi 2022 ili kukwepa joto. Mbona Wajapani wamefanya kiangazi? (Msomaji, Oman)

JIBU: Kwenu huko kiangazi kingeua watu, ilibidi. Maonesho haya kwa kanuni za kimataifa hayazidi miezi sita, Dubai walichukua yote sita wakapata baridi. Japani ukichukua miezi sita lazima upitie ama kiangazi ama majira ya baridi kali, na toka Expo ya Osaka ya 1970, ile ya watu milioni 64, wamezoea kufungua Machi au Aprili na kufunga Septemba au Oktoba, watoto wakiwa likizo katikati. Kwa wazee naona kumewaumiza. Kama mnaweza kusubiri, ijayo kubwa ni Riyadh, inaanza 1 Oktoba 2030, na wao wamechagua miezi ile ile ya Dubai.