Mwisho wa wazi si mwisho uliokatika

Ndugu, umeuliza kama hadithi yako fupi, ambayo binti anabaki stendi na tiketi mkononi, lazima iseme kama alipanda basi au alirudi kwao. Si lazima. Ngano za mtanziko, yaani hadithi za jadi zinazomweka mhusika kwenye chaguo gumu, huishia hapohapo kwenye njia panda, hadhira ikabaki kubishana. Ila angalia kinachoachwa wazi pale: ni uamuzi, si taarifa. Msikilizaji ana kila anachohitaji ili kupima pande zote mbili.

Hapo ndipo wengi hukwama. Mwandishi mwenyewe hajui mwisho, basi anaweka nukta tatu na kuita taharuki. Andika kwanza mwisho uliofungwa, hata ukurasa mmoja, kisha ufute aya za mwisho moja moja mpaka ufike kwenye kitendo kinachoonyesha binti amebadilika: kazima simu mama yake anapopiga, kwa mfano. Ishia hapo. Safari ibaki wazi, mabadiliko yafungwe. Ukiacha vyote viwili wazi, msomaji atadhani kurasa zimenyofoka.

Hadithi ya upelelezi ni kesi nyingine. Umeahidi muuaji, mtaje.