Nyumba ya Ngamiani, au jinsi ninavyowagombanisha wahusika wangu

Hadithi yangu ya kwanza kukamilika ilikuwa na baba mdogo mmoja mbaya kupindukia. Alimnyang'anya mjane wa kaka yake shamba, akawafukuza watoto, akalewa, akapiga watu, na kila alipoingia nilimpa macho mekundu. Nilijiona nimeandika kweli kweli. Nikamsomea mama yangu mdogo, ambaye hajawahi kuandika hadithi lakini amekaa kwenye vikao vya ukoo visivyo na idadi. Alisikiliza mpaka mwisho huku akichambua mchele, kisha akauliza: "Sasa mwanangu, huyu bwana shamba lote hili analitakia nini?"

Sikuwa na jibu. Ubaya nilimpa wa kutosha, haja sikumpa.

Shuleni tulifundishwa kuitambua migogoro. Mtihani wa fasihi ulitaka uitaje: mgogoro wa nafsi, wa kifamilia, wa kijamii, wa kiuchumi, kila mmoja na mfano wake kutoka kitabuni. Kwa mhakiki ni zoezi zuri. Lakini ukikaa kuandika na orodha ile kichwani, unaanza na jina la mgogoro halafu unatafuta watu wa kuubeba, na ndipo wanapozaliwa akina baba mdogo wenye macho mekundu.

Siku hizi naanza na watu wawili wanaohitajiana, na kitu kimoja ambacho hakigawanyiki vizuri. Nitaeleza kwa hadithi iliyonihangaisha karibu mwaka mzima.

Mama amefariki. Ameacha nyumba ya vyumba vinne Ngamiani, Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba. Ameacha na watoto wawili, Mwanaisha na Sefu; mume na wazazi walishatangulia. Mwanaisha ndiye aliyebaki na mama. Amemuogesha na kumgeuza kitandani miaka sita, na katika miaka hiyo ndoa yake ikavunjika. Sefu alikwenda Muscat kuendesha gari za watu. Yeye ndiye aliyetuma hela ya kuezeka upya, bati, mbao na fundi. Sasa Sefu anadaiwa, anataka nyumba iuzwe. Mwanaisha hana pengine pa kulala.

Katika toleo la kwanza Sefu alikuwa baba mdogo yule yule, kavishwa kanzu safi. Nilimfanya mlafi, na hadithi ikanifia ukurasa wa tatu. Msomaji alishajua nani mwema, kwa hiyo akawa amekaa tu akingoja mwovu apate chake.

Ilifufuka siku nilipokwenda kuuliza mirathi inavyogawiwa. Kwa sheria ya Kiislamu, familia kama hii, mtoto wa kiume anapata theluthi mbili na wa kike theluthi moja. Hilo nililijua. Nilichokuwa sijakitilia maanani ni kwamba kabla ya kugawa yanatolewa kwanza gharama za maziko na madeni ya marehemu. Niliposikia hilo la madeni nikakaa wima. Ile hela ya bati ilikuwa zawadi ya mtoto kwa mama yake, au ilikuwa mkopo? Kama ni zawadi, imekwenda na thawabu zake. Kama ni mkopo, Sefu anachukua hela yake kwanza, halafu anachukua theluthi mbili ya kilichobaki, na dada yake anaambulia bei ya kitanda. Hati hakuna. Kuna maneno ya kwenye simu tu, ambayo Sefu anayakumbuka hivi, na Mwanaisha, aliyekuwa amemshikia mama simu sikioni, anayakumbuka vile.

Hapo sikuhitaji tena mtu yeyote awe mwongo.

Sefu ana haki, na ana sheria juu yake. Mwanaisha naye ana haki, ila miaka yake sita haina safu kwenye hesabu ya mirathi. Nina zoezi moja ninalolifanya nikifika hapa: namwandikia kila mhusika ukurasa mmoja wa kujitetea, kwa sauti yake, kama anavyoongea na rafiki usiku wakati wengine wamelala. Ukurasa huo hauingii kwenye hadithi. Nikimaliza utetezi wa mmoja na moyo wangu haujaegemea upande wake hata kidogo, najua bado sijamfahamu, narudia. Sefu alisema (kwa mkono wangu, lakini naapa sikulipanga) kwamba alijinyima ili bati ziwahi kabla ya masika, na mpaka leo hajawahi kulala chini ya paa lile mvua ikinyesha. Baada ya sentensi hiyo sikuweza tena kumvika ulafi.

Haki pande zote mbili peke yake haitoshi, lakini. Swali linalofuata ni hili: kwa nini wasiachane tu? Watu wakigombana na kila mmoja anaweza kwenda zake, msomaji naye atakwenda zake. Nilitafuta kamba za kuwafunga pamoja, na sikwenda mbali, zilikuwa palepale nyumbani. Sefu anahitaji kikao cha ukoo kimpendekeze kuwa msimamizi wa mirathi kabla hajafika mahakamani, na wazee hawatampitisha ikiwa dada mtu atasimama kupinga. Mwanaisha kwa upande wake amepata mchumba, mwalimu mmoja wa Pangani. Baba hayupo, babu hayupo. Walii wa kumuozesha ni nani? Ni Sefu. Yaani mtu anayetaka kumtoa kwenye nyumba ndiye huyo huyo anayepaswa kukaa mbele ya shehe na kumuozesha. Kila mmoja ameshika ufunguo wa mwenzake, na hakuna anayethubutu kuutikisa kwa nguvu.

Somo la namna hii nililipata zamani kwenye tamthilia ya Ebrahim Hussein ya Vita vya Maji Maji, Kinjeketile, iliyotoka 1969, ingawa nilipoisoma sikujua kwamba ninafundishwa. Adui mkubwa mle ni Mjerumani, na hakuna ubishi juu yake. Lakini nilichokishika nikakibeba miaka yote ni mvutano wa Kinjeketile na Kitunda, watu wa upande mmoja, wote wawili wakitaka Mjerumani aondoke.

Sasa, jambo ninaloliona likiharibiwa sana kwenye hadithi za vijana wanaonitumia kazi zao: wahusika wanapiga kelele. "Wewe ni mbinafsi!" "Hukuwahi kunijali!" Kurasa mbili za alama za mshangao. Nimekulia Tanga, na ugomvi mzito niliouona kwetu haukuwa na kelele. Ulikuwa na salamu iliyojibiwa nusu. Mtu ananuna wiki tatu na chakula anapika, anapakua, anafunika kawa, ila hasemi karibu. Wanapitishiana maneno kwa mtoto: "Kamwambie mama yako mkubwa maji yamechemka," na mama mkubwa mwenyewe kakaa hatua mbili. Na kanga, jamani. Mtu akitaka kukutukana bila kufungua mdomo anakwenda dukani kuchagua jina.

Nilikuwa na ugomvi mkubwa wa Sefu na Mwanaisha barazani, kurasa nne, niliupenda kama nini. Niliufuta wote. Badala yake niliandika asubuhi baada ya hitima. Sefu anafunga begi. Amechukua mbuzi ya kukunia nazi ya mama, ile kuukuu, meno yameisha. Dada yake anaingia na chai, kajifunga kanga iliyoandikwa HASIDI HANA SABABU. Sefu anaisoma, anajifanya hakuisoma.

"Naichukua hii, dada. Kumbukumbu tu."

"Chukua kaka yangu. Hiyo si ya bati."

Hawaongezi neno. Nyumba haitajwi, deni halitajwi, mchumba hatajwi. Anaweka chai chini, anatoka. Sefu anaonja, haina sukari, na Mwanaisha anajua fika kaka yake anakunywa vijiko vitatu. Sehemu hii fupi ilifanya kazi ambayo kurasa nne hazikuifanya, kwa sababu msomaji alikwisha kujua kila kilichofichwa chini ya neno "bati". Ukitaka wahusika wako waseme kidogo namna hii, lazima umlishe msomaji mapema. Vinginevyo utakuwa unamtegea kitendawili.

Mengine nitayapitia haraka. Ugomvi unaoweza kumalizwa na simu moja ya dakika mbili ("kumbe yule alikuwa dada yako!") hauwezi kubeba riwaya, na sidhani kama unabeba hata hadithi fupi. Ajali ya gari inayomuua mwovu ukurasa wa mwisho, iache. Na yule mzee mwenye busara anayeingia dakika za mwisho, anakohoa, anatoa methali, watu wanakumbatiana: mimi nimemtumia mara tatu, zote nazijutia. Wazee wa vikao ninavyovijua mimi nao wana upande, wana ya kwao ya zamani, na mmojawapo huenda anaimezea mate nyumba hiyo hiyo.

Mwisho wa hadithi yangu sitausema hapa. Ila nilipomsomea mama mdogo toleo jipya, safari hii jikoni, binti yake alikuwepo akimenya mihogo. Nilipomaliza, mama mdogo akasema Sefu kaonewa, mtoto wa kiume katoka jasho miaka yote ile ugenini hata shukrani hakupata. Binti yake akaweka kisu chini. "Jasho? Na aliyekuwa anafua yale mashuka?" Wakaanzia hapo. Walipofika kwenye nyumba ya bibi yetu mwenyewe, na nani alichukua nini mwaka gani, nilibeba birika nikatoka taratibu kwenda kukaa barazani.